Baiskeli tano, pikapu moja na siku tatu: tutoke Malindi twende wapi?

*«Mwalimu, salaam. Sisi ni watu watano wa hapa Malindi. Sikukuu ya Mashujaa inaangukia Jumatatu, nasi tunataka kuzitumia siku hizo tatu kwa safari ya baiskeli na kambi. Tuna pikapu ya milango minne, mahema mawili, baiskeli tatu za milimani na mbili nyeusi za kawaida zisizo na gia. Mpango wetu ni huu: Jumamosi tuondoke alfajiri, tuendeshe baiskeli ndani ya korongo la Marafa na tulale huko. Jumapili tupite Sala na kuvuka Tsavo Mashariki kwa baiskeli hadi Voi, kwa maana tumesikia kuna mbuga ambamo watu huendesha baiskeli bila shida. Jumatatu tupande milima ya Taita, kisha turudi nyumbani usiku. Miongoni mwetu yumo mpwa wangu wa miaka 14, na rafiki yetu wa miaka 52 mwenye presha, ambaye hunywa dawa kila siku. Tumeambiwa matairi yajazwe upepo hadi yawe magumu ili yasizame mchangani, na kwamba mtu akinywa maji mengi kabla ya kuondoka hana haja ya kubeba mzigo wa maji. Shemeji yangu anasema mpango huu utatushinda. Je, kasema kweli?»*

Ndugu yangu, kama nimekuelewa vyema, linalokusumbua si kupata mahali pazuri pa kwenda, kwa sababu mahali pazuri unapajua. Unachelea kuwakusanya watu, mmoja wao mtoto na mmoja mwenye maradhi, kisha mambo yakakuharibikia mbali na nyumbani. Hofu hiyo ni ya haki, na shemeji yako amesema kweli. Hata hivyo, sababu kubwa ya mpango huo kuwashinda haimo katika milima mliyoipanga kwa siku ya mwisho. Safari za baiskeli za pwani yetu huharibiwa na mchanga na joto lenye unyevu, na kila saa ya safari yenu inafaa ipangwe kwa kuvitazama vitu hivyo viwili kwanza, ndipo umbali na mandhari vifuate.

Nianze na Tsavo, kwa kuwa hapo hapana la kupima. Hifadhi ya Taifa ya Tsavo Mashariki hairuhusu wageni kupita kwa baiskeli, wala kushuka garini isipokuwa mahali palipotengwa kwa ajili hiyo. Mliyoyasikia bila shaka ni habari za Hell's Gate karibu na Naivasha, ambako baiskeli zinaruhusiwa, na jina lake huchanganywa kwa urahisi na Hell's Kitchen, jina ambalo watalii huliita korongo letu la Marafa. Hell's Gate, iliyotangazwa kuwa hifadhi mwaka 1984, ni ndogo, kilomita za mraba 68 hivi, na mwendesha baiskeli hukutana zaidi na pundamilia, twiga, swala na ngiri. Nyati wapo, na hata huko tahadhari inahitajika. Tsavo Mashariki ina zaidi ya kilomita za mraba 11,000, na ndani yake wamo simba, ndovu na nyati kwa wingi. Baiskeli huenda kasi bila kutoa mlio, kwa hiyo humfikia ndovu kabla hajapata habari yake, na ndovu aliyeshtuliwa akiwa na mtoto hujihami papo hapo. Simba naye huamshwa na kiumbe anayekimbia mbele ya macho yake, ilhali gari hulizoea na kuliacha lipite.

Hata mkiamua kuivuka kwa pikapu, hesabu haikubali. Kutoka Malindi hadi lango la Sala ni zaidi ya kilomita 100, na kutoka Sala hadi Voi ni takriban kiasi hicho tena, ndani ya hifadhi ambamo mwendo hauruhusiwi kuzidi kilomita 40 kwa saa. Mtaimaliza Jumapili yote mkiwa mmeketi, na baiskeli ziko nyuma zikipigwa na vumbi. Jumatatu mtataka kupanda Taita, ambako kilele cha Vuria kinafika mita 2,208, kisha mrudi zaidi ya kilomita 300 kupitia Mombasa, usiku, katika barabara kuu iliyojaa malori, dereva akiwa amekanyaga pedali tangu asubuhi. Katika mpango wenu wote hapa ndipo ninapoogopa zaidi. Usingizi wa mtu aliyechoka kwa mazoezi ya juani huja ghafla, na mazungumzo ya wenzake hayauzuii.

Taita ni nzuri mno kwa baiskeli, na sitaki uifute moyoni. Ipe safari yake ya siku nne au zaidi, kwa mfano likizo ya Agosti, wakati njia za udongo wa kule hazijalowa na hewa ni baridi ya kupendeza. Pasaka nayo hushawishi kwa sababu ina siku nne, lakini huangukia karibu na mwanzo wa mvua za masika, na udongo mwekundu uliolowa juu ya mteremko humwangusha hata mzoefu.

Kwa siku tatu za Oktoba, mimi ningewapeleka Marafa na Arabuko-Sokoke, basi. Jumamosi ondokeni kabla ya jua, mvuke daraja la Sabaki kwa gari, na mteremshe baiskeli Mambrui. Kutoka hapo endesheni kuelekea bara kwa njia za vumbi za Magarini hadi Marafa, gari likiwafuata au kuwatangulia. Safari nzima kutoka Malindi haifiki kilomita 50, na sehemu mtakayoiendesha ni fupi kuliko hiyo, kwa hiyo mtafika jua halijawa kali. Jumapili asubuhi zungukeni vijiji vya karibu, adhuhuri mrudi kwa gari kupitia Malindi, mjaze maji na chakula, kisha mwende Gede mkapige kambi kwenye kituo cha msitu. Jumatatu alfajiri ingieni msituni pamoja na kiongozi, na kabla ya saa sita muwe mmekwisha. Nakiri kwamba mpango huu una upungufu mmoja wa wazi: mlima hamna ndani yake. Faida yake ni kwamba hamtakuwa mbali na hospitali ya Malindi hata siku moja, na kwa kundi lenu jambo hilo nalipa uzito mkubwa.

Kuhusu Marafa yenyewe, tafadhali ondoa wazo la kuendesha ndani ya korongo. Kuta na nguzo zile za rangi nyeupe, waridi na nyekundu ni mawe ya mchanga, laini kiasi kwamba mvua na upepo ndivyo vilivyozichonga. Alama ya tairi juu ya udongo kama huo huwa mfereji mvua inapokuja, na mfereji hupanuka mwaka hadi mwaka. Ukingo nao hukatika bila kutoa ishara, kwa hiyo baiskeli zisiukaribie na hema lisisimamishwe hatua chache kutoka hapo. Wenyeji wa kijiji ndio wanaolisimamia korongo na kutoza kiingilio. Lipeni, mchukue kijana wa kuwaongoza, na mteremke kwa miguu saa kumi na moja jioni, wakati joto la ndani limepungua na rangi za kuta zinaonekana vizuri kuliko saa nyingine yoyote.

Arabuko-Sokoke ina ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na ndio msitu mkubwa zaidi wa aina yake uliosalia katika pwani ya Afrika Mashariki. Wengi wa Malindi huupita kila wanapokwenda Mombasa bila kuingia, nami huona ni hasara, maana humo yumo isanje, mnyama mdogo mwenye pua ndefu na matako ya rangi ya dhahabu, na bundi mdogo wa Sokoke, viumbe ambao ni vigumu kuwaona kwingineko. Ndovu pia wamo. Kwa sababu hiyo kiongozi wa msitu ni wa lazima: yeye hujua wamepita wapi usiku, na huchagua njia kwa kuzingatia hilo. Wiki moja kabla ya safari, mmoja wenu afike Gede ofisini, aeleze kwamba mnakuja na baiskeli, aulize njia zipi ziko wazi, ada ni kiasi gani na hulipwa vipi, kwani malipo ya hifadhi siku hizi hufanywa kwa mtandao na huenda pesa taslimu zisipokelewe.

Sasa mchanga, na ushauri mliopewa kuhusu matairi. Ushauri huo uko kinyume kabisa. Tairi huubeba uzito wako kupitia sehemu ndogo inayogusa ardhi, na kadiri upepo ulivyo mwingi ndani yake, ndivyo sehemu hiyo inavyokuwa ndogo na ndivyo uzito unavyokusanyika mahali pamoja. Ngamia hupita mchangani pale punda anapozama, kwa sababu unyayo wake hutanuka unapokanyaga, ilhali ukwato wa punda huchimba. Tairi gumu huchimba vivyo hivyo. Kwa mtu mzima wa uzito wa wastani mwenye tairi pana la baiskeli ya milimani, presha ya psi 20 hadi 25 kwa kipimo cha pampu hufaa mchangani, na 30 hadi 35 kwenye barabara ngumu ya mawe. Kwa mpwa wako punguzeni kidogo, kwa kuwa ni mwepesi. Msishuke chini ya 20. Tairi laini kupita kiasi likigonga jiwe au mzizi, tyubu hubanwa kati ya rimu na jiwe na kutoboka mara mbili kwa pamoja. Chukueni pampu yenye kipimo, na msione uvivu kusimama na kubadilisha upepo njia inapobadilika.

Namna ya kuendesha ina uzito sawa na upepo wa tairi. Ingia gia nyepesi kabla hujaufikia mchanga, kwa sababu ukishazama huwezi tena kuibadilisha bila kuumiza cheni. Sogeza mwili nyuma kidogo ili gurudumu la mbele lielee, zungusha pedali mfululizo bila kukatiza, na usikate usukani kwa ghafla. Msituni mtakuta ardhi za aina mbili: mchanga mweupe chini ya miti ya mrihi, ambao ni laini wakati wa ukavu, na udongo mwekundu upande wa ndani zaidi, ambao ni mgumu ukikauka na huteleza vibaya ukilowa. Mvua ikinyesha usiku wa kuamkia Jumatatu, mwambieni kiongozi awapeleke kwenye mchanga mweupe, kwa sababu maji huushikamanisha na kuufanya uwe rahisi kuliko siku zote.

Huenda mtatamani ufuko wa Mambrui pia. Kanuni ni rahisi. Siku za bamvua, yaani karibu na mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji ya pwani yetu hupwa kabisa kati ya saa nne na saa tano asubuhi, na huacha mchanga mpana, mgumu, uliojaa unyevu, unaobeba hata tairi la kawaida. Siku za maji mafu ufuko huwa mwembamba na laini, na sioni faida ya kuhangaika nao. Endesheni chini ya mstari wa maji kujaa, kwa sababu juu yake kasa hufukia mayai. Msijaribu kuvuka mlango wa Sabaki kwa namna yoyote, kwa kuwa mtoni mna viboko na mamba. Mkimaliza, osheni baiskeli kwa maji baridi yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo na kuipaka cheni mafuta. Chumvi haisubiri kesho.

Zile baiskeli mbili nyeusi ni imara barabarani, lakini matairi yake ni membamba, hazina gia, na breki zake za vyuma hulegea mteremkoni. Mnaweza kukodi mbili za milimani mjini au Watamu, mradi fundi azikague breki, beringi na spoki kabla hamjalipa. Hata hivyo, kama uamuzi ungekuwa wangu, ningeziacha nyumbani na kupokezana zile tatu, watu watatu wakiendesha na wawili wakiwa garini. Kwa njia hiyo rafiki yenu na mpwa wako watapumzika kwa zamu bila mtu kuhisi kwamba anahurumiwa, na gari halitakosa dereva aliye mzima. Beba tyubu mbili za akiba kwa kila baiskeli, solushoni na viraka vya kutosha, kwani miba ya migunga ya Magarini ni mingi. Nyuma ya pikapu zisimamisheni wima, mzitenganishe kwa blanketi, mfunge kila moja peke yake kwa kamba, na muhakikishe hakuna tairi lililo karibu na ekzosi wala linaloziba nambari ya gari. Watu wasipande nyuma pamoja nazo.

Lililobaki ni joto, na hapa naomba usome taratibu. Jasho lenyewe halipozi mwili. Kinachopoza ni jasho linapokauka, kwa sababu linapogeuka mvuke huondoka na joto la ngozi. Hewa ya pwani tayari imejaa unyevu, hivyo jasho hutiririka na kudondoka bila kukauka, nawe unapoteza maji na chumvi pasipo kupata ubaridi wowote. Ndiyo maana mtu anayeimudu safari ndefu Nairobi anaweza kushindwa na nusu yake hapa, na kumwagia maji mengi tumboni hakumsaidii. Endesheni kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa tatu na nusu, mpumzike kivulini mchana kutwa, na mkitaka muendelee baada ya saa kumi. Mapumziko hayo ya mchana yaingie katika mpango tangu mwanzo, msiyaache yawe ya kulazimishwa na uchovu.

Maji hayawekwi akiba mwilini. Ukinywa lita mbili kwa mpigo kabla ya kuondoka, figo zitayatoa yaliyozidi katika saa chache, na utakuwa mkavu pale hasa unapoyahitaji. Mtu mzima anayeendesha katika joto letu anywe nusu lita hadi robo tatu ya lita kwa saa, kidogo kidogo, kila anapohisi kiu na kabla haijamzidi. Kwa kunywa, kupika na kunawa, wekeni garini lita 8 kwa kila mtu kwa siku. Kosa la upande wa pili lipo pia: anayekunywa maji matupu kupita kiasi kwa saa nyingi huizimua chumvi ya damu, akaumwa kichwa, akatapika na hata kuchanganyikiwa. Madafu ni mazuri na nayapenda, lakini yana potasiamu nyingi na chumvi ya kawaida kidogo, kwa hiyo hayatoshi peke yake. Yaambatanisheni na chakula chenye chumvi, kama korosho za kukaanga au mbaazi, au pakiti za ORS, yaani chumvi na sukari za kurudisha maji mwilini, zilizochanganywa kwa kiasi kilichoandikwa juu yake. Tende nazo hurudisha nguvu haraka na haziharibiki kwa joto.

Ushauri huo wa chumvi haumhusu rafiki yenu mwenye presha mpaka daktari wake aseme. Baadhi ya dawa za presha hufanya kazi kwa kuongeza mkojo, na hivyo humtoa maji na chumvi kabla hata hajatoka jasho; nyingine huzuia mapigo ya moyo yasipande, kwa hiyo atachoka mapema, na kipimo cha mapigo hakitamwonyesha ukweli. Aende kliniki siku kumi kabla ya safari akiwa na dawa zake mkononi, aeleze saa na umbali atakaoendesha, apimwe, na afuate atakaloambiwa. Asiache dawa kwa uamuzi wake mwenyewe eti kwa sababu ya safari. Njiani, akipata maumivu ya kifua, akikosa pumzi ingawa ameketi, au akitaka kuzimia anaposimama, safari imekwisha siku hiyo na gari lielekee hospitali. Ndiyo sababu nasisitiza kwamba gari lisiwaache nyuma kwa zaidi ya dakika chache.

Na yeyote kati yenu, mpwa wako akiwemo, akianza kusema ovyo, kuyumba au kutojua alipo huku mwili ukiwaka, huo ni ugonjwa wa joto ulio hatari kwa maisha. Mlazeni kivulini, mvueni nguo za juu, mmwagieni maji mwili mzima na kumpepea mfululizo, na kama hana fahamu kamili msimnyweshe kitu. Endeleeni kumpoza hata ndani ya gari mkienda hospitali.

Kambini sina mengi. Msilale chini ya mnazi wenye nazi, wala ndani ya mkondo mkavu wa maji, kwa kuwa mvua iliyonyesha mbali mno na hapo inaweza kuujaza mkiwa mmelala. Marafa, jitambulisheni kwa mzee wa kijiji mapema na mlale mahali mtakapoonyeshwa. Msituni msiwashe moto wa kuni isipokuwa mmeruhusiwa na askari wa msitu. Jiko dogo la gesi litawatosha kwa chai. Mkienda haja usiku mwende na tochi na viatu, na kila asubuhi mkung'ute viatu hivyo kabla ya kuvivaa. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, pete na saa zivuliwe, na apelekwe hospitali moja kwa moja. Kuchanja, kunyonya sumu na kufunga kamba ya kukaza hudhuru zaidi. Aliyetemewa na swila machoni aoshwe kwa maji mengi kwa robo saa au zaidi, naye pia aonwe na daktari.

Mwisho ni mbu, ambao wenyeji huwadharau kwa mazoea. Hema liwe na wavu mzima usio na tundu, na kuanzia magharibi vaeni mikono mirefu na mjipake dawa ya kufukuza mbu. Vimelea vya malaria huchukua kwa kawaida wiki moja hadi mwezi kabla homa haijatokea, wakati ambapo wengi wameshaisahau safari. Kwa hiyo mmoja wenu akipatwa na homa katika kipindi hicho, hata ikiwa ndogo, apimwe damu siku hiyo hiyo badala ya kununua dawa dukani kwa kukisia.